Matsukata Masayoshi, samurai aliyeijengea Japani sarafu yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mambo ya mwanzo

1. Matsukata Masayoshi ni nani hasa?

Ni mtoto wa samurai wa ngazi ya chini kutoka Kagoshima, kusini kabisa mwa Japani. Alizaliwa 1835 na kufariki Tokyo Julai 1924 akiwa na umri wa miaka 89. Katikati ya miaka hiyo alikuwa karani wa himaya ya Satsuma (himaya ni eneo la mtawala wa kikabaila, na Kagoshima ilikuwa ndani ya Satsuma), mkuu wa mkoa, Waziri wa Fedha mara nne, Waziri Mkuu mara mbili, kisha mmoja wa wazee wachache walioitwa *genro*, ambao kwa miongo mingi hakuna serikali iliyoundwa Japani bila kusikilizwa kwanza.

Lakini kinachomfanya akumbukwe ni mambo matatu: Benki Kuu ya Japani iliyofunguliwa 1882, kubana fedha kwa nguvu kati ya 1881 na 1885, na kuiingiza yeni katika mfumo wa dhahabu, yaani kuifunga thamani yake kwa uzito wa dhahabu, 1897. Hilo la katikati ndilo ambalo watu bado wanabishania.

2. Jina la ukoo ni lipi, Matsukata au Masayoshi?

Matsukata. Wajapani hutanguliza ukoo, na ukurasa huu unafuata hivyo kwa kila Mjapani anayetajwa.

3. Je, alikuwa samurai kweli, wa upanga na vita?

Kwa nasaba na malezi, ndiyo. Alipofika miaka 13 alikuwa yatima wa baba na mama. Alisoma Zoshikan, shule ya himaya ya Satsuma iliyofundisha maadili ya Confucius pamoja na silaha, na akiwa na miaka 16 hivi akaingia kazini kama mwandishi mdogo. Wengi wanapowaza samurai huona mtu aliye juu ya farasi. Zama za Matsukata, baada ya zaidi ya miaka 200 ya amani, samurai wengi walikuwa watu wa daftari na kalamu: kuhesabu mchele wa kodi, kuandika barua, kulinda ghala. Yeye alikuwa hodari wa kazi hiyo, na ndiyo iliyomfikisha juu.

Mwaka 1866 Satsuma ilimpeleka Nagasaki, bandari iliyokuwa dirisha la Japani kwa ulimwengu wa nje, akajifunze hisabati, upimaji na elimu nyingine za Wazungu. Wakubwa wawili wa Satsuma, Okubo Toshimichi na Saigo Takamori, walimtumia kama mjumbe kati ya Kyoto na Kagoshima wakati mipango ya kuuangusha utawala wa shogun, mtawala wa kijeshi wa nchi, ikiiva. Utawala huo ulipoanguka 1868, vijana wa Satsuma na wa himaya nyingine, Choshu, ndio walioshika nchi, na Matsukata alikuwa ndani ya nyumba tayari.

4. Kazi yake ya kwanza serikalini ilikuwa ipi?

Mkuu wa mkoa wa Hita, katika kisiwa cha Kyushu, eneo lililokuwa chini ya shogun moja kwa moja. Huko alijenga barabara, akafungua kituo cha kulelea watoto waliotupwa, na akaanzisha bandari ya Beppu, ambayo leo ni mji maarufu wa chemchemi za maji moto. Watu huiruka sehemu hii ya maisha yake, jambo ambalo naliona ni kosa. Ni hapo alipoona kwa macho yake jinsi kodi inavyokusanywa kijijini, na nani anaficha nini.

5. Aliingiaje kwenye mambo ya fedha?

Kupitia kodi ya ardhi. Zamani mkulima alilipa kwa mchele, na kiwango kilitofautiana himaya hadi himaya. Mageuzi ya 1873, ambayo Matsukata alikuwa miongoni mwa wasimamizi wake, yalimpa mwenye shamba hati, yakapima thamani ya shamba, kisha yakamtoza asilimia 3 ya thamani hiyo kila mwaka, kwa pesa taslimu. Wakulima walipandwa na hasira, na 1877 kiwango kikashushwa hadi asilimia 2.5.

Shika jambo moja hapa, maana litarudi katika swali la 12: kodi ilikuwa kiasi kilichofungwa, kwa pesa. Mchele ukipanda bei, mkulima anacheka. Ukishuka, deni kwa serikali liko palepale.

Tatizo alilolikuta

6. Kwa nini Japani ilikuwa na fujo ya noti?

Serikali mpya ilirithi hazina tupu na mzigo wa posho za samurai, ambazo zilimeza karibu theluthi ya matumizi yake. Mwaka 1876 posho zikakatwa: kila samurai alipewa hatifungani, yaani karatasi ya serikali inayozaa riba, na jumla ya deni hilo ilikuwa takriban yeni milioni 174. Ili karatasi hizo zisikae bure, sheria ya benki ikalegezwa, zikaruhusiwa kuwa mtaji wa kuanzishia benki. Benki hizo ziliitwa "za kitaifa" ingawa zilikuwa za watu binafsi, na kila moja ilitoa noti zake ambazo hazikulazimika kubadilishwa kwa dhahabu. Kufikia 1879 zilikuwa 153.

Katikati ya hayo, 1877, Saigo Takamori yuleyule akaongoza uasi wa samurai wa Satsuma. Kuuzima kuligharimu takriban yeni milioni 42. Serikali haikuwa nazo, ikachapisha noti za milioni 27 na kukopa milioni 15 kutoka benki moja kati ya hizo 153, ambayo nayo ilikopesha kwa noti zake.

Matokeo mtu yeyote wa sokoni angeyabashiri. Koku moja ya mchele, ambayo ni kama kilo 150, iliuzwa Tokyo kwa yeni 5 na senti kadhaa mwaka 1877. Ilipofika 1880 ilikuwa yeni 10 na nusu. Sarafu moja ya yeni ya madini ya fedha ilinunuliwa kwa zaidi ya yeni moja na nusu ya karatasi.

7. Nani aliumia na nani alinufaika wakati huo?

Waliokuwa wakiishi kwa kipato kisichopanda ndio walioumia: samurai wa zamani wenye hatifungani, makarani, na serikali yenyewe, kwa kuwa kodi yake ilikuwa ya kiasi kilekile huku kila kitu kikipanda bei. Wakulima walinufaika. Kwa miaka mitatu minne hivi kijiji kilikula vizuri, watu wakakopa na kutanua kilimo cha hariri wakiamini bei hazitashuka tena.

8. Mtangulizi wake Okuma alikosea wapi?

Okuma Shigenobu, aliyesimamia fedha za serikali kabla ya Matsukata, hakuwa mjinga, na wanaomchora hivyo wanamwonea. Aliamini tatizo si wingi wa noti bali uhaba wa madini ya fedha nchini, kwa hiyo 1880 akapendekeza kukopa London yeni milioni 50 ili kuzikomboa noti kwa mpigo. Matsukata alipinga. Hofu yake haikuwa ya kihesabu tu: Misri na Uturuki zilikuwa zimekopa Ulaya, na wakati huo wadai wao walikuwa wameketi ndani ya hazina zao. Kaizari Meiji akaukataa mkopo huo.

Oktoba 1881 Okuma alifukuzwa serikalini katika ugomvi mkubwa uliohusu katiba na kashfa ya kuuza mali za serikali kule Hokkaido. Siku hizohizo Matsukata akapewa Wizara ya Fedha. Haki itendeke lakini: kubana matumizi na kupandisha baadhi ya kodi kulikwishaanza chini ya Okuma. Matsukata alichoongeza ni kutolegeza kamba.

Alichokifanya

9. Sera yake ilikuwa nini, kwa lugha nyepesi?

Kukusanya zaidi, kutumia kidogo, na ziada kuigawa mafungu mawili: fungu moja la kuziondoa noti mikononi mwa watu, jingine la kununua madini ya fedha.

Kodi za pombe ya *sake* na tumbaku zilipandishwa, na 1885 hata mchuzi wa soya ukatozwa. Matumizi ya wizara yalifungwa yasipande kwa miaka mitatu. Viwanda na migodi ya serikali vikaanza kuuzwa (swali la 11). Kabla ya kuanza, Matsukata alitaka ahadi kutoka kwa Kaizari na wenzake kwamba hawatarudi nyuma vilio vitakapoanza, kwa sababu alijua vitaanza. Ahadi hiyo, kwa maoni yangu, ilikuwa na thamani kuliko hesabu zake zote. Nadharia yake angeweza kuipata mwanafunzi yeyote wa uchumi wa zama zile. Kupata serikali itakayokaa kimya miaka minne wakati mambo yanaungua ni kazi nyingine.

10. Madini ya fedha aliyapata wapi bila kukopa nje?

Hapa ndipo ujanja ulipo. Kwanza tutenganishe maneno, maana Kiswahili kinatuchezea: "fedha" ni pesa, na "fedha" pia ni yale madini meupe. Kwa wazee wetu wa pwani waliohesabu kwa reale na rupia, zote zikiwa sarafu za madini hayo, hapakuwa na haja ya kutenganisha. Kwa Japani ya 1881 karatasi na madini vilikuwa vimeachana njia, na shida ilikuwa kuvikutanisha.

Mfano wa Yokohama unaeleweka kirahisi. Mfanyabiashara ana marobota ya hariri ya kupeleka Lyon, Ufaransa. Benki ya Yokohama Specie, iliyoanzishwa 1880, inampa malipo ya awali kwa noti za karatasi, pesa za serikali. Hariri inasafiri na kuuzwa. Mnunuzi wa Ulaya analipa kwa pesa yenye thamani ya madini, na malipo hayo hayarudi Yokohama kwa mfanyabiashara: yanaingia kwenye akaunti ya serikali ya Japani. Mfanyabiashara kapata yeni zake mapema, serikali kapata akiba, na hakuna aliyekwenda London na bakuli mkononi.

11. Ni kweli viwanda vya serikali viligawiwa kwa marafiki?

Kuna ukweli ndani yake, ila usiuvute sana. Kiwanda cha saruji cha Fukagawa kilikwenda kwa Asano Soichiro 1884. Karakana ya meli ya Nagasaki ilikodishwa kwa Mitsubishi mwaka huohuo na kuuzwa kwake 1887. Mgodi wa makaa wa Miike uliishia kwa Mitsui 1888, na kiwanda cha hariri cha Tomioka pia, 1893. Vingi kati ya hivyo vilikuwa vikila hasara. Miike, ulionadiwa kwa ushindani, uliuzwa kwa bei kubwa. Vingine viliuzwa kwa masharti laini ya kulipa kidogo kidogo kwa watu waliojulikana ikulu. Makampuni makubwa yaliyotawala uchumi wa Japani hadi 1945 yalipata sehemu ya misingi yao hapo.

12. Kwa nini wanasema wakulima ndio waliolipa?

Kwa sababu hesabu inasema hivyo. Chukua mkulima anayedaiwa kodi ya yeni 10 kwa mwaka. Mwaka 1881, koku moja ya mchele ilitosha kuilipa. Mwaka 1884 bei ilikuwa imerudi kwenye yeni 5 na kitu, kwa hiyo kodi ileile ilitaka karibu koku mbili, sawa na kilo 300. Shamba halikukua, mvua haikuongezeka. Na kama wakati wa neema alikopa kupanda miforosadi ya kulishia viwavi wa hariri, deni nalo lilikuwa limenenepa vilevile, pamoja na riba ya mkopeshaji wa kijiji.

Wengi walipoteza mashamba na kubaki kuyalima kama wapangaji kwenye ardhi iliyokuwa yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 ardhi iliyolimwa na wapangaji ilikuwa chini kidogo ya asilimia 30. Miaka ishirini baadaye ilikaribia 40.

13. Uasi wa Chichibu ulihusiana naye?

Ulihusiana na sera yake. Chichibu ni bonde la milimani kaskazini magharibi mwa Tokyo, wakati huo likiishi kwa hariri. Bei ya hariri iliporomoka, na kufikia 1884 wakopeshaji walikuwa wakichukua mashamba. Wakulima wakaunda walichokiita Chama cha Wenye Dhiki. Walichodai kinaonyesha hawakuwa wahuni: madeni yasimame miaka 10 kisha yalipwe kwa awamu katika miaka 40, na shule zifungwe miaka mitatu ili michango ya kijiji ipungue.

Hawakusikilizwa. Tarehe 1 Novemba 1884 maelfu walikusanyika kwenye hekalu la Muku, wakashuka wakivamia nyumba za wakopeshaji na kuchoma hati za madeni. Waliushika mji mkuu wa bonde kwa muda mfupi, jeshi likatumwa, na ndani ya siku chache yakaisha. Viongozi kadhaa, akiwemo Tashiro Eisuke, walinyongwa. Matsukata hakubadilisha chochote.

Benki Kuu na yeni

14. Wazo la Benki Kuu alilitoa wapi?

Ulaya. Mwaka 1878 alikuwa Ufaransa kwa ajili ya Maonyesho ya Paris, akazungumza na Léon Say, Waziri wa Fedha wa Ufaransa na mjukuu wa mchumi Jean-Baptiste Say. Ushauri aliopewa ni kutazama Benki ya Taifa ya Ubelgiji, ya 1850, iliyokuwa changa na sheria zake zimepangika kuliko zile za benki kongwe za London na Paris. Sheria ya Benki Kuu ya Japani ilitoka Juni 1882, na milango ikafunguliwa 10 Oktoba kwa mtaji wa yeni milioni 10, nusu yake ya serikali.

15. Je, noti za kwanza za Benki Kuu zililiwa na panya?

Ndiyo, hii si hadithi ya kutunga. Noti zilitoka Mei 1885, zikiwa na picha ya Daikoku, mungu wa utajiri, kazi ya mchongaji Mwitaliano Edoardo Chiossone. Ili karatasi iwe ngumu, ilichanganywa na unga wa *konnyaku*, kiazi kinacholiwa sana Japani. Panya na wadudu wakagundua kwamba pesa ina ladha. Kichekesho ni kwamba katika imani za Wajapani panya ndiye mjumbe wa Daikoku. Matoleo yaliyofuata yalitengenezwa upya.

Mbali na panya, noti hizo zilifanya kazi. Zilikuwa zinabadilishwa kwa sarafu za madini ya fedha, na kuanzia Januari 1886 hata noti za serikali zilikubaliwa hivyo. Watu hawakukimbilia kubadilisha, na huo ndio ushahidi kwamba waliziamini. Zile noti za benki 153 zilipewa muda wa kuisha, na 1899 zikawa historia.

16. Kwa nini baadaye aliacha madini ya fedha na kwenda kwenye dhahabu?

Thamani ya madini ya fedha ilikuwa ikishuka duniani kote. Juni 1893 India iliacha kufua rupia kwa kila aletaye madini, pigo lililofika hadi pwani ya Afrika Mashariki ilikotumika rupia hiyohiyo. Miezi michache baadaye Japani iliunda tume ya sarafu. Wenye viwanda wengi hawakutaka mabadiliko, kwani yeni dhaifu ilisaidia kuuza nje. Shibusawa Eiichi mwenyewe, mwanzilishi wa benki na makampuni mengi, alipinga.

Vita na Uchina vya 1894 na 1895 vikamaliza mjadala. Uchina ilitozwa fidia kubwa, na Matsukata akahakikisha inalipwa London kwa pauni, ambazo ni dhahabu. Hiyo ikawa akiba. Sheria ilipita Machi 1897 naye akiwa Waziri Mkuu na Waziri wa Fedha kwa pamoja, ikaanza 1 Oktoba. Yeni iliwekwa gramu 0.75 za dhahabu, nusu kamili ya yeni ya 1871, ishara tosha ya jinsi madini ya fedha yalivyoanguka.

Kwa wasomaji wanaouliza kama aliona haya kuchukua fidia ya jirani na kuijengea sarafu: hapana, na wenzake hawakuona pia.

17. Faida ya dhahabu ilionekana?

Ilionekana kwa wakopaji. Vita na Urusi vya 1904 na 1905 viliendeshwa kwa hatifungani ambazo Takahashi Korekiyo, afisa wa Benki Kuu, aliziuza London na New York. Yule aliyeogopa mikopo ya nje 1880 (swali la 8) alikuwa ameifungulia njia.

Yanayochanganya watu

18. Alikuwa Waziri Mkuu mzuri?

Hapana. Siku tano tu baada ya kushika madaraka Mei 1891, polisi mmoja alimkata kwa upanga mrithi wa kiti cha Urusi mjini Otsu. Serikali ilishinikiza polisi huyo auawe, mahakama ikakataa kwa kuwa sheria haikuruhusu, ikampa kifungo cha maisha. Katika uchaguzi wa 1892 waziri wake wa mambo ya ndani aliwatuma polisi kuwatisha wapinzani, watu 25 wakafa, na bado wapinzani wakashinda. Muhula wa pili, 1896 hadi Januari 1898, aliutawala kwa kushirikiana na Okuma yuleyule, ukavunjika. Mtu huyu alijua kushikilia uamuzi, si kujadiliana na Bunge.

19. Je, ndiye aliye kwenye noti ya yeni 10,000?

Siye. Huyo ni Shibusawa Eiichi, kwenye noti iliyotoka Julai 2024. Takahashi Korekiyo naye aliwahi kuwekwa kwenye noti ya yeni 50. Matsukata, aliyeianzisha benki inayozitoa noti hizo, hajawahi kuwekwa kwenye hata moja.

20. Ni kweli hakujua idadi ya watoto wake?

Husimuliwa kwamba Kaizari Meiji alimuuliza ana watoto wangapi, naye akajibu atafanya uchunguzi na kuleta ripoti. Walikuwa zaidi ya 20. Kwa mtu aliyejua kila yeni iliko, jibu hilo liliwachekesha watu sana.

21. Mkusanyo wa sanaa wa Matsukata ni wake?

Ni wa mwanawe Kojiro, aliyeongoza karakana za meli za Kawasaki mjini Kobe na kununua michoro na sanamu za Ulaya kwa wingi, zikiwemo za Rodin. Msukosuko wa mabenki wa 1927 uliiangusha kampuni yake, na kazi zilizokuwa Japani zikapigwa mnada. Zilizohifadhiwa London ziliungua ghalani 1939. Zilizobaki Ufaransa zilitaifishwa baada ya vita kama mali ya adui, kisha sehemu kubwa ikarudishwa 1959 kwa sharti la kujengewa nyumba ya kudumu. Nyumba hiyo, iliyobuniwa na Le Corbusier, ndiyo Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Magharibi katika bustani ya Ueno, Tokyo.